Tunataka kuigeuza biashara ya familia iwe kampuni ya "Limited": tuanzie wapi kisheria?

Mkamuaji wa Singida ameuliza:

Habari za kazi, ndugu zangu. Sisi ni familia ya watu watatu, yaani mama yetu, mdogo wangu wa kiume na mimi, na tuna mashine ya kukamua alizeti hapa Singida tuliyoianza mwaka 2016 kwa jina la biashara ambalo nililisajili mimi. Wakati wa mavuno tunanunua mbegu kwa wakulima, tunakamua, tunachuja, tunauza mafuta kwa madumu ya lita 5 na lita 20, na mashudu tunawauzia wafugaji wa kuku na ng'ombe. Biashara inatulisha, na tumeajiri vijana wanne.

Mambo mawili yamenisukuma kuandika. La kwanza ni mnunuzi wa Dodoma mwenye maduka kadhaa, ambaye anataka tumletee mafuta mwaka mzima kwa mkataba, lakini amesema wazi kwamba kwa mzigo wa kiasi hicho hasaini na mtu binafsi, anasaini na kampuni. La pili ndilo linaloninyima usingizi. Mwaka juzi tulichukua mbegu nyingi kwa wakulima kwa ahadi ya kuwalipa baada ya kuuza, kisha bei ya mafuta ikaanguka kabla hatujauza nusu ya mzigo. Wakulima walikuja nyumbani, na walikuwa na haki. Nililipa deni lote kwa kuuza ng'ombe wa mama na pikipiki yangu, na ilibaki kidogo tu tuuze kiwanja alichotuachia marehemu baba. Siku hiyo ndipo nilipoelewa kwamba jina la biashara halikutenganisha chochote, kwa sababu deni la mashine lilikuwa deni langu mimi.

Naomba mnieleweshe hatua za kisheria za kuunda kampuni ambayo dhima ya wenye hisa ina ukomo, gharama zake, na kama kweli kampuni hiyo itailinda nyumba ya mama yangu. Naomba pia mniambie mambo ambayo watu huyajua wakiwa wamekwisha kuchelewa.

Wakili wa Dodoma amejibu:

Pole kwa yaliyokukuta, dada, na hongera kwa kuwalipa wakulima. Nitaanza na swali lako la tatu kwa kuwa majibu mengine yote yanategemea hilo.

Jina la biashara ni jina tu. Sheria inalitambua na inakupa cheti chake, lakini nyuma ya jina hilo yupo mtu mmoja, nawe ndiye mtu huyo. Kampuni ni jambo tofauti kabisa, kwa maana siku ambayo Msajili wa Makampuni anatoa cheti cha usajili chini ya Sheria ya Makampuni, Sura ya 212, anazaliwa mtu mpya mbele ya sheria, mwenye jina lake, mali yake, madeni yake na uwezo wa kushtaki na kushtakiwa. Mkulima akiiuzia kampuni mbegu, anayedaiwa ni kampuni, na wewe mwenye hisa unawajibika kwa kiasi cha hisa zako ambacho hujakilipia, basi. Ukiwa umelipia hisa zako zote, anayeidai kampuni hana njia ya kufika kwa ng'ombe wa mama kupitia hisa hizo.

Msingi huu ni wa zamani, na kesi iliyouweka inafanana sana na hali yenu. Mjini London alikuwepo mfanyabiashara wa viatu, Aron Salomon, aliyeigeuza biashara yake kuwa kampuni ya familia. Yeye alikuwa na hisa 20,001, na mkewe pamoja na watoto wao watano walikuwa na hisa moja moja. Kampuni ilipofilisika, mfilisi, yaani mtu aliyewekwa kukusanya mali za kampuni na kuwalipa wadai, alidai kwamba kampuni ile ilikuwa kivuli cha Salomon tu na kwamba madeni yake yalikuwa ya Salomon mwenyewe. Mwaka 1896 mahakama ya juu kabisa ya Uingereza ilikataa dai hilo na kusema kwamba kampuni iliyosajiliwa kihalali ni mtu mwingine, hata kama karibu hisa zote ziko mikononi mwa mmoja. Mahakama zetu zilirithi msingi huo. Hata hivyo, mahakama inaweza kuwafuata wakurugenzi binafsi pale inapothibitika kwamba kampuni ilitumika kuwadhulumu wadai, kwa mfano kuchukua mbegu za wakulima huku mkijua kwamba hamna uwezo wala nia ya kulipa.

Sasa hatua. Kwa Tanzania Bara, usajili unafanyika BRELA, yaani Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, kupitia mfumo wao wa mtandaoni, na huna haja ya kusafiri. Kila mmoja wenu atahitaji namba ya kitambulisho cha Taifa ya NIDA na namba ya mlipakodi (TIN). Mtafungua akaunti, mtachagua jina, kisha mtajaza taarifa za kampuni: anuani kamili ya ofisi iliyosajiliwa hadi mtaa na kiwanja, shughuli mtakazofanya, wanahisa na idadi ya hisa zao, wakurugenzi ambao hawapungui wawili, katibu wa kampuni, pamoja na wamiliki manufaa, yaani watu halisi ambao mwisho wa yote ndio wanaonufaika na kampuni au kuiongoza. Jina lisifanane na la kampuni iliyopo, na limalizike kwa neno "Limited". Chagueni majina matatu kabisa, kwa sababu lile mnalolipenda mara nyingi lina mwenyewe.

Mfumo ukishapokea taarifa hizo utawatolea fomu ya kuchapisha. Wakurugenzi na katibu wanaisaini, tamko la kutimiza masharti ya sheria linaapwa mbele ya wakili au kamishna wa viapo, mnaambatanisha katiba ya kampuni iliyosainiwa na wanahisa na kushuhudiwa, kisha vyote vinaskaniwa na kupandishwa kwenye mfumo. Baada ya hapo mnapata namba ya malipo. Ada ya usajili inafuata ukubwa wa mtaji wa hisa: kwa viwango ninavyolipia wateja wangu, mtaji usiozidi shilingi 1,000,000 ni 95,000, unaozidi hapo hadi 5,000,000 ni 175,000, na unaozidi hapo hadi 20,000,000 ni 260,000. Juu yake kuna 66,000 ya kuhifadhi nyaraka na 6,200 ya ushuru wa stempu. Kwa hiyo kampuni yenye mtaji wa milioni 10 itawagharimu 332,200 Serikalini, kabla ya ada ya wakili. Hakikisheni viwango vya siku yenu kwenye tovuti ya BRELA.

Nawasihi jambo moja dogo ambalo huchelewesha maombi mengi: andikeni majina kama yalivyo NIDA, herufi kwa herufi. Mteja wangu mmoja alirudishiwa maombi mara mbili kwa sababu katiba ilisema "Mwanahamisi" na kitambulisho kilisema "Mwanaamisi", na kila tulipofikiri tumesahihisha tulikuta ukurasa mwingine ambao herufi ile imebaki.

Na tafadhali msinunue katiba ya kunakili. Katiba ndiyo sheria ya nyumba yenu. Humo ndimo mtakamoandika nani anaweza kuuza hisa na kwa nani, kikao kinatimia kwa watu wangapi, na mkurugenzi anapofariki nini kinafuata. Kampuni binafsi kwa sheria yetu ni lazima iweke mipaka katika kuhamisha hisa, isizidi wanahisa 50 bila kuhesabu wafanyakazi, na isiuze hisa kwa umma. Ndani ya mipaka hiyo mna uhuru mkubwa, na uhuru huo ndio watu wengi wanaoutupa kwa kubadilisha majina tu kwenye katiba ya jirani.

Mhasibu wa Mwanza amejibu:

Sipingani na mheshimiwa wakili, lakini naomba dada yetu aione na hesabu ya upande wa pili kabla ya kulipa namba ya malipo.

Kwa sasa wewe ni mfanyabiashara binafsi. Kama mauzo yako hayazidi shilingi milioni 100 kwa mwaka, inawezekana unalipa kodi ya makadirio inayofuata mauzo, na maisha yanaendelea. Kampuni haina nafasi hiyo, hata kama mauzo yake ni madogo kuliko yako ya sasa. Kampuni inalipa asilimia 30 ya faida, inapeleka makadirio yake TRA, yaani Mamlaka ya Mapato, na kuyalipa kwa awamu nne ndani ya mwaka, na ndani ya miezi sita baada ya mwaka wa hesabu kufungwa inawasilisha ritani, yaani taarifa ya kodi ya mwaka, iliyoandaliwa na mhasibu mwenye cheti cha uhasibu. Mhasibu huyo analipwa, nanyi mweke fungu lake tangu mwanzo.

Mkiwa mnataka kugawana faida, kuna kodi nyingine. Tuseme kampuni imepata faida ya milioni 20. Milioni 6 zinakwenda kodi ya kampuni na zinabaki 14. Mkiamua kuzigawa zote kama gawio, kampuni inakata asilimia 10 ya zuio, kodi inayokatwa kabla ya kuwalipa, yaani milioni 1.4, na nyumbani zinafika milioni 12.6. Njia nyingine ni kujilipa mshahara kama wakurugenzi mnaofanya kazi. Mshahara unapunguza faida ya kampuni, lakini una kodi yake ya kila mwezi na michango ya mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF. Hakuna jibu moja la watu wote hapa. Kaeni na mhasibu mwenye hesabu zenu halisi za msimu mmoja mzima.

Jambo ninalotaka kulisema kwa uzito zaidi ni fedha za kila siku, kwa kuwa hapo ndipo nimeziona kampuni za familia zikifa. Kwenye biashara yako ya sasa, nadhani mtu akinunua dumu anakulipa kwa simu yako, nawe jioni unanunua sukari ya nyumbani kwa fedha ileile. Ukiwa na kampuni, fedha ile si yako. Mnunuzi wa mashudu akilipa kwa namba yako binafsi, umepokea fedha ya mtu mwingine. Fungueni akaunti ya benki ya kampuni, lipa namba iwe ya kampuni, na mashine ya risiti za EFD iwe ya TIN ya kampuni, maana ile ya TIN yako haiwezi kutoa risiti za mauzo ya kampuni. Mkiwa na shida ya fedha nyumbani, chukueni mshahara, gawio au mkopo ulioandikwa, na karatasi iwepo. Mkikopesha kampuni fedha zenu wakati wa kununua mbegu, andikeni pia, ili msimu ukiisha mrudishiwe kama deni na isionekane ni mauzo.

Kwa hiyo ushauri wangu si kwamba uache. Kwa mtu anayechukua mbegu za watu kwa mali kauli, kampuni ina faida ya kweli. Nasema tu kwamba kama mkataba wa Dodoma si wa uhakika bado, usikimbilie kusajili, kwa sababu kampuni ikisajiliwa inaanza kudaiwa nyaraka hata kama haijauza dumu moja.

Mzee wa Mbao, Mafinga amejibu:

Mwanangu, nimesoma habari ya ng'ombe wa mama yako nikaona nikuandikie, ingawa mimi si mwanasheria.

Mimi na rafiki yangu wa miaka mingi tuliunda kampuni ya kupasua na kuuza mbao. Tuligawana hisa nusu kwa nusu kwa sababu tuliona ndiyo haki, tukawa wakurugenzi wawili, na benki tukaweka sharti la saini zote mbili. Kwa miaka minne hakukuwa na neno. Halafu tukatofautiana kuhusu kununua mashine ya pili: mimi nilitaka, yeye hakutaka. Hakukuwa na mtu wa tatu wa kuamua, na katiba yetu, ambayo kwa kweli tulikuwa hatujaisoma, haikusema lolote juu ya mwenyekiti kuwa na kura ya uamuzi. Yeye akahamia mkoa mwingine na kuacha kupokea simu. Fedha zilikaa benki nikiziangalia kwenye karatasi, mishahara ya vijana nikilipa kwa kuuza mbao zangu binafsi, na cheki nilizoandika zilirudi kwa kukosa saini ya pili. Taarifa za mwaka hazikwenda kwa Msajili kwa sababu kila mmoja alidhani ni kazi ya mwenzake, na adhabu ikawa inaongezeka kila mwezi. Tulimalizana kwa wazee wa pande zote mbili, nikanunua hisa zake kwa bei ambayo hatukuwa tumekubaliana namna ya kuipanga, na hilo peke yake lilituchukua miezi minane.

Ninyi ni damu moja, na ndiyo maana nakusisitizia. Ndugu huona aibu kuandika mambo haya wakati wa mapenzi, kisha huyaandika mbele ya hakimu. Andikeni sasa: kura zikigongana nani anaamua, mmoja akitaka kutoka hisa zake zinathaminiwa na nani, na mwenzake ana siku ngapi za kununua kabla mtu wa nje hajakaribishwa.

Mwana wa Mjini, Unguja amejibu:

Kwa wanaosoma kutoka upande wetu, naomba ifahamike kwamba yote yaliyoelezwa juu ni ya Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria yake ya makampuni na ina Wakala wake wa Usajili wa Biashara na Mali, BPRA, kwa hivyo fomu na ada si hizo. Atakaye kusajili huku na aulize huku.

Mkamuaji wa Singida ameandika tena:

Nawashukuru sana nyote. Shikamoo mzee wangu wa Mafinga, maneno yako nimeyasoma mara mbili na kumsomea mdogo wangu.

Nimebaki na maswali matatu. Kijana wa stesheneri anayewajazia watu fomu hapa mjini ameniambia tuandike mtaji wa milioni 200 ili kampuni ionekane kubwa mbele ya wanunuzi, na kwamba hakuna anayekuja kuhesabu fedha hizo. Je, ni sawa? La pili, mama hataki ukurugenzi, anasema hawezi kusaini vitu asivyovielewa, lakini mashine iko kwenye kiwanja chake na sitaki aonekane amewekwa kando. La tatu, nina mkopo wa benki wa mashine ya kuchujia ambao bado una mwaka mmoja na nusu, na uko kwa jina langu. Kampuni ikisajiliwa, mkopo huo unahamia huko?

Wakili wa Dodoma amejibu:

Nafurahi umeuliza kabla ya kusaini.

Kuhusu mtaji, usimsikilize kijana huyo, hata kama ana nia njema. Ni kweli kwamba hakuna afisa atakayekuja kuhesabu noti zenu siku ya usajili. Anayekuja kuhesabu ni mfilisi, siku ambayo kampuni imeshindwa kulipa. Kuna vitu viwili ambavyo watu huvichanganya: mtaji unaotajwa kwenye katiba, ambao ni kiwango cha juu cha hisa ambazo kampuni inaweza kutoa, na hisa ambazo ninyi mmezichukua kwa majina yenu. Dhima yenu iko kwenye hizo mlizochukua. Mkiandika kwamba mmechukua hisa za milioni 200, mkalipia milioni 10, basi mmeahidi milioni 190 ambazo hamna, na kampuni ikifilisika wadai wana haki ya kuzidai kwenu. Mtakuwa mmejenga ukuta kisha mkaacha mlango wa upana wa milioni 190. Zaidi ya hayo, mtaji unaozidi milioni 50 unawapeleka kwenye ada ya usajili ya 440,000. Mnunuzi makini atawauliza mmekamua lita ngapi msimu uliopita na kama mna leseni ya Shirika la Viwango, TBS, ya kutumia alama ya ubora.

Ningependekeza mtaji wa milioni 10 uliogawanywa katika hisa 1,000 za shilingi 10,000, na mchukue zile tu ambazo mnaweza kuzilipia sasa, kwa fedha iliyoingia benki au kwa mali iliyothaminiwa, kwa mfano mashine yenyewe ikihamishiwa kampuni kwa hati. Wekeni kumbukumbu ya kila malipo ya hisa. Mtaji unaweza kuongezwa baadaye kwa azimio la wanahisa.

Kuhusu mama, sheria haimlazimishi mwanahisa kuwa mkurugenzi. Wewe na mdogo wako mnatimiza idadi ya wakurugenzi wawili, na mama anaweza kuwa na hisa bila kusaini cheki hata moja. Tazama mgawanyo wa 400 kwako, 400 kwa mdogo wako na 200 kwa mama. Azimio la kawaida linapita kwa zaidi ya nusu ya kura, kwa hiyo wawili wowote kati yenu wakikubaliana jambo linapita, na kile kilichomkuta mzee wetu wa Mafinga hakiwapati kwenye mkutano wa wanahisa. Azimio maalumu, kama la kubadilisha katiba, linahitaji robo tatu ya kura. Kwa mgawanyo huo, wewe na mdogo wako mna asilimia 80 na mnaweza kulipitisha bila mama, lakini hakuna hata mmoja wenu anayeweza kulipitisha bila mwenzake. Mjue pia kwamba azimio la kawaida linaweza kumwondoa mkurugenzi, yaani mama na mmoja wenu wana uwezo wa kumtoa mwingine. Msome hilo wote watatu mkiwa mmekaa pamoja, mama aelezwe kwa lugha anayoielewa, na kama mna ndugu wengine wasiohusika na mashine, waelezwe pia. Siku mama atakapoondoka duniani, hisa zake ni sehemu ya mirathi yake na zitapitia kwa msimamizi wa mirathi, na warithi wake wote watakuwa na neno. Katiba iseme kwamba ninyi mliomo mna haki ya kwanza ya kuzinunua na bei inapangwaje.

Kiwanja kisiingie kwenye kampuni. Kikihamishwa kinakuwa mali ya kampuni, na mali ya kampuni ndiyo hasa wadai wanayoruhusiwa kuifikia. Kibaki kwa jina la mama, naye aipangishie kampuni kwa mkataba wa maandishi, wenye kodi ya pango inayolingana na hali ya Singida, uliolipiwa ushuru wa stempu. Kampuni itakata zuio la asilimia 10 ya pango na kulipeleka TRA. Mkataba huo huo utawasaidia mtakapoomba leseni ya biashara halmashauri, kwa sababu wataomba uthibitisho wa eneo pamoja na cheti cha kampuni, TIN ya kampuni na cheti cha kutodaiwa kodi. Na mama, ambaye hajawahi kupewa shilingi yenye risiti kwa kiwanja chake, atakuwa na kipato chake kinachoeleweka.

Mkopo wa benki hauhami. Uliukopa wewe, utaendelea kuwa wako hadi umalize, isipokuwa benki ikubali kwa maandishi kuihamishia kampuni deni hilo na kukuachilia wewe. Ikiwa mashine ya kuchujia ndiyo dhamana ya mkopo, usiihamishie kampuni kabla benki haijaridhia. Vivyo hivyo kwa wakulima wanaokudai hadi leo, kama wapo: hao wanakudai wewe.

Na hapa naomba unisikilize sana, kwa sababu ulianza na nyumba ya mama. Kampuni mpya ikienda kuomba mkopo, benki karibu zote zitataka wakurugenzi wasaini dhamana binafsi, na pengine zitaomba hati ya kiwanja. Karatasi hiyo huwa katikati ya nyingine kumi, nayo husainiwa meza ileile, kwa kalamu ileile. Ukiisaini, umesema kwamba kampuni ikishindwa utalipa wewe, na ukomo wa dhima hauna kazi tena kwa mkopo ule. Si kosa kuisaini, wafanyabiashara wengi huisaini, lakini isainiwe na mtu anayejua anachosaini na kwa kiasi kilichotajwa kwa tarakimu. Mama asiisaini kwa kukusindikiza tu benki. Chini ya sheria zetu za ardhi, mwenzi ana haki ya kuulizwa nyumba ya ndoa inapowekwa rehani, lakini mama yako ni mjane mwenye kiwanja kwa jina lake, na saini yake peke yake inatosha kukipoteza.

Mkataba wa Dodoma usiusaini leo kwa jina la kampuni ambayo haijazaliwa. Ukifanya hivyo, kampuni haifungwi na mkataba huo kwa kusajiliwa tu, na anayeweza kudaiwa ni wewe uliyesaini. Mwombe mnunuzi barua ya kuonyesha nia, upate cheti kwanza, kikao cha kwanza cha wakurugenzi kipitishe azimio la kufungua akaunti na la kumteua mwenye kusaini mikataba, kisha usaini chini ya jina kamili la kampuni, lenye "Limited" mwishoni, ukiandika cheo chako chini ya saini. Na ukipata cheti, iandike tarehe yake ukutani mahali mnapoweka daftari la mauzo, kwa sababu kila mwaka inapozunguka mna siku 28 za kupeleka taarifa ya mwaka kwa Msajili, iwe mmekamua au hamkukamua. Huyo mdogo wako mpe kazi hiyo kwa jina lake, kwenye kumbukumbu za kikao cha kwanza.